Matairi ya Nyuma

Ebenezeri hakujua kuendesha gari, na ndiyo sababu aliifuga Mark Two yake kama watu wa Old Moshi wanavyofuga ng'ombe: bandani, na kila jioni lazima ipapaswe. Alipapasa boneti kuona kama imepoa. Alinusa mdomo wa tangi. Alichungulia chini ya viti kwa tochi ya simu, akafunga banda kwa kufuli mbili, funguo akaenda kuzilalia. Mara moja tu maishani mwake aliwahi kushika usukani, akaishia kwenye migomba ya jirani, na tangu siku hiyo alibaki katika hali mbaya kuliko zote kwa mtu wa moyo wake: kuwa na mali ambayo ni lazima umkabidhi mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Jesse, kijana wa kihamba cha pili, shamba la migomba lililopakana na lao, mpole, asiye na maneno mengi. Siku za kawaida Jesse alibeba abiria wa kukodi kati ya mlimani na Moshi mjini. Jumamosi zenye harusi alilivisha gari utepe na maua, akabeba maharusi. Nyumba nzima ilikula kwenye gari hilo: Ebenezeri, mkewe Tabitha, na binti yao Loveness, aliyemaliza chuo cha ufundi wa umeme na kurudi nyumbani kungoja ajira, akiwa na leseni ya udereva ambayo baba yake hakumruhusu kuitumia.

Ebenezeri hakuanza kumshuku Jesse kwa sababu ya jambo fulani. Alimshuku kwanza, sababu akazitafuta baadaye. Ndivyo alivyoumbwa. Kila chombo chake alikipaka mstari wa rangi ya kijani ili kisiibwe: jembe, ndoo, vigoda, mabomba ya maji yaliyolazwa nyuma ya jiko. Hata kuku wake walikuwa na kijani bawani, na watu wa kijijini waliwaita kuku wa serikali.

Jumamosi moja jioni, akiwa ameinama bandani, alikiona kile alichokuwa akikitafuta miaka yote. Matairi ya nyuma yalikuwa vipara. Ya mbele bado yalikuwa na meno yake.

"Mama Loveness!" aliita. Tabitha alikuja na mwiko mkononi, kiburu cha ndizi na maharage kikiwa bado motoni. "Hebu niambie. Tairi la nyuma linaliwa na nini?"

"Na barabara."

"La mbele linapita angani?"

Tabitha alikumbuka kiburu chake. Alirudi jikoni. Ebenezeri akabaki anapitisha kidole kwenye mapango yanayofunika matairi, na kidole kikatoka na vitu vyepesi vya rangi ya dhahabu. Pumba. Pumba za mpunga! Akafungua buti, kwenye pembe za kapeti, pumba. Huku juu ni kahawa na migomba, mpunga haupandwi. Mpunga ni wa Mabogini, kule chini kwenye mifereji na mbu, na Jesse alimwambia kwamba harusi ilipokwisha gari lilikwenda kuoshwa mjini.

Hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwake. Punda ukimrundikia mzigo kiunoni, miguu ya nyuma ndiyo inayolegea. Tairi la nyuma limekwisha kwa sababu mzigo ulikaa nyuma. Kijana alikuwa anabeba magunia ya mpunga kwenye gari la maharusi, anauza mzigo wa watu mjini, na jioni anarudisha gari likinukia sabuni. Na alipozunguka nyuma ya jiko kwenda kunawa, akakuta bomba lake moja limekatwa kipande kwa msumeno, tena kwa ustadi. Hapo aliketi kwenye kigoda. Alijisikia vibaya, lakini pia, tuseme ukweli, alijisikia vizuri, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba kumbe kweli alikuwa anaumwa.

* * *

Asubuhi ya Jumapili Jesse alikuja kuchukua gari la kuwapeleka kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana gari lilifika wapi?"

"Mjini, mzee. Halafu kuosha."

"Mabogini hukufika?"

Macho ya Jesse yalikwenda mpaka mlangoni, ambako Loveness alikuwa amesimama na joho la kwaya mkononi, halafu yakarudi chini.

"Nilifika," alisema.

"Kumpeleka nani?"

"Mzee, gari halina tatizo. Hayo ya matairi naomba tuyazungumze, ila siyo leo."

Ebenezeri hakuwa amesema lolote kuhusu matairi. Alicheka kidogo kwa pua, akaingia garini, akakaa kiti cha mbele, akaangalia mshale wa mafuta njia nzima bila kufumba jicho.

Baada ya ibada, waumini walitoka nje kwenye mnada, kama kawaida. Sadaka za shambani zilikuwa zimepangwa kwenye majani: mikungu ya ndizi mshare, mayai, maziwa kwenye vidumu, na jogoo mmoja mwekundu mwenye dharau. Mzee wa kanisa Sifaeli, ambaye sauti yake iliumbwa zaidi kwa mnada kuliko kwa sala, alimnyanyua jogoo. Jesse akanyoosha mkono. Kila mtu alijua kwa nini. Pembeni, chini ya mgrivilea, alikuwa amesimama Mzee Daniel kutoka Sanya Juu, baba mdogo wa Flavia, mchumba wa Jesse. Alikuja kumtazama kijana kabla ya posa kukamilika, na jogoo yule alikuwa wa kumkabidhi mbele za watu, ili arudi kwao amembeba.

"Jesse ameongeza!" Sifaeli alipaza sauti. "Nani anampita Jesse?"

"Kabla hatujampita," Ebenezeri akasema, na hakusema kwa kunong'ona, "muulizeni hela ya jogoo ameitoa kwenye mpunga wa nani."

Kicheko kilianza, kikafa. Sifaeli alibaki na jogoo juu.

"Mpunga gani, meku?" mtu mmoja alimwuliza mzee huyo.

"Yeye anaujua. Wedding anabeba saa sita, magunia anabeba saa kumi. Gari langu limekuwa punda wa Mabogini. Na mabomba yangu ya maji nayo yanakatwa, sijui huko nako anajenga."

Jesse aliushusha mkono wake polepole. Akageuka kutazama upande wa kwaya. Loveness alikuwa safu ya mbele, joho limemkaa vizuri, na uso ameuinamisha kwenye kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Jesse alimtazama kwa muda. Kisha alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akaja nao mpaka kwa Ebenezeri, akampa kwa mikono miwili kama inavyompasa kijana kumpa mzee.

"Jogoo mwachieni mwingine," alimwambia Sifaeli, akaondoka kwa miguu.

Mzee Daniel naye aliondoka, kwa njia nyingine. Ebenezeri aliliona lile jicho la Jesse kwa Loveness, na badala ya kuridhika, shaka mpya ikamchoma pale pale. Hawa wawili wana nini?

* * *

Katikati ya wiki Tabitha alirudi kutoka kisimani na uso mzito.

"Baba Loveness, Sanya Juu wamesimamisha posa. Mzee Daniel amesema hawatoi binti kwa mtu ambaye mwajiri wake amemwita mwizi mlangoni mwa kanisa. Mama Jesse hali chakula."

"Mwizi akikosa mke, kosa langu?"

"Ulimwona akiiba?"

"Niliona pumba."

"Pumba," Tabitha alirudia. "Mtoto wa watu anakosa mke kwa pumba."

Loveness alikuwa anamenya ndizi pembeni. Kisu kilisimama. Kisha aliendelea kumenya, na ganda lilitoka na nusu ya ndizi. Baba yake alimwona. Alipanga kumwuliza, lakini aliogopa jibu, kwa hiyo akamwuliza kitu kingine: kama leseni yake bado iko hai. Jumamosi kulikuwa na harusi, na dereva hakuna. Dereva wa kukodi Ebenezeri hakumtaka, maana mwizi usiyemjua ni mbaya kuliko unayemjua.

"Matairi ya nyuma tubadilishe kwanza, baba," Loveness alisema. "Mvua zimeanza."

"Yatabadilishwa na aliyeyala."

* * *

Jumamosi ilikuja na mvua ya mlimani, ile isiyo na haraka wala huruma. Walimchukua bibi harusi kwao, juu kabisa, wakamketisha nyuma na msimamizi wake, shela limejaa kiti kizima. Loveness alishika usukani. Ebenezeri alikaa mbele, amefunga mkanda, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuchunga: gari na binti.

Barabara ya kushuka ilikuwa udongo mwekundu uliolainika kama uji wa ulezi. Kulia, ngazi za migomba. Kushoto, korongo, na chini kabisa mto unaosikika bila kuonekana. Kwenye kona iliyo chini ya shule, gari lilihema, likasita, na Ebenezeri akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: mkia wa gari unamwacha. Nyuma ya gari ilikuwa inateleza kwenda kushoto, kwenye korongo, taratibu, kama mtu aliyeamua. Bibi harusi alipiga ukelele.

Na Loveness akaukata usukani kushoto. Kushoto! Kule kule kwenye korongo!

"Mtoto ananiua!" Ebenezeri alilia, akaudaka usukani ili auvute kulia, kwenye uzima.

Loveness alimpiga mkono. Alimpiga baba yake mkono, kofi kavu, bila hata kumtazama. Hakukanyaga breki. Aliachia mafuta kidogo, akayarudisha kidogo, vidole vimeushika usukani kwa wepesi kama ameshika kikombe cha chai, na macho yake hayakuwa korongoni. Yalikuwa mbele, mwisho wa kona, pale barabara inaponyooka. Mkia ukasita. Ukarudi. Gari likajinyoosha, likapita kona, likaendelea kushuka kana kwamba hakuna lililotokea.

Walifika kwenye lami.

"Dada," bibi harusi alisema mwishowe, akirekebisha shela, "tukitoka kanisani usipite njia ile tena. Lakini aika. Aika sana."

Ebenezeri hakushukuru. Mkono ulikuwa unamwasha, na moyo ulikuwa umeanza kazi yake ya siku zote. Mtu hazaliwi akijua kugeuza usukani kwenye korongo. Hilo limefundishwa, tena mara nyingi, mpaka mkono ukalizoea.

Mjini walimshusha bibi harusi mlangoni mwa kanisa. Kwaya zilipoanza, Ebenezeri aliuchomoa ufunguo kwenye gari na kuushika.

"Umejifunza wapi?"

Loveness alifuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu.

"Nimekuuliza."

"Mabogini," alisema. Machozi yalimtoka hapo hapo, mengi, ya mtu aliyekuwa ameyabeba kwa muda. "Nipe ufunguo, baba. Ibada ina kwaya nyingi. Nikuonyeshe."

* * *

Kwa hiyo siku hiyo watu wa Mabogini waliona gari la harusi lenye maua na utepe, limejaa matope mekundu, likiingia nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, na ndani yake hakuna harusi, kuna mzee aliyekunja uso na binti aliyevimba macho. Huku chini hakukuwa na mvua. Palikuwa na sakafu kubwa ya saruji ya kuanikia mpunga, pana kama uwanja wa mpira. Mpunga wenyewe ulikuwa bado mashambani, na sakafu ilikuwa tupu, imebaki na pumba zilizopeperushwa hapa na pale. Katikati, vijana kadhaa walikuwa wamesimama na rimoti mikononi, na magari madogo yenye urefu wa kiatu yalikuwa yanapita miguuni mwao ubavu ubavu.

"Loveness! Leo umekuja na baba mkwe?" mmoja alitania, akamwona vizuri Ebenezeri. "Shikamoo, mzee."

Ebenezeri hakuitikia. Alikuwa anatazama kigari ambacho Loveness alikitoa chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amemulika tochi kila jioni. Kumbe kilikaa ndani ya kitambaa cha kufutia vioo, na nani anafunua kitambaa? Kilikuwa Mark Two ndogo, nyeupe, yenye nyaya alizoziunga mwenyewe. Kwenye magurudumu hakikuwa na mpira. Kilivishwa pete za bomba la plastiki, na kwenye kila pete palikuwa na mstari wa kijani.

"Bomba langu," alisema Ebenezeri.

"Bomba lako, baba. Mpira ungeng'ang'ania saruji. Bomba linateleza, na kuteleza ndiko tunakokutaka. Wanaita drifti. Tazama." Alikiweka chini, akakikimbiza, akakata kona, na mkia wa kigari ukatoka nje kama ulivyotoka mlimani. "Hapa mtu anaogopa, anafunga breki, kigari kinazunguka kama pia." Alifanya hivyo, kikazunguka, kikampiga mzee kwenye kiatu. "Sasa tazama tena. Mkia ukikimbilia kushoto, pua naipeleka kushoto. Mafuta siyakati, nayapunguza tu. Na sitazami ninapopaogopa. Ukipatazama, mikono inakupeleka huko huko."

Kigari kilizunguka sakafu nzima kikiwa ubavu, magurudumu ya mbele yakitazama huku na mwili ukienda kule, bila kugusa kitu. Ebenezeri alijikuta ameinama, mikono magotini.

"Na gari langu?"

"Kigari kinafundisha vidole na macho. Jesse alisema ukiwa ndani ya gari kubwa macho yanachelewa. Samahani baba, alisema makalio ndiyo yanajua kwanza. Nikamwomba. Harusi ikiisha alinipitia stendi, tunakuja hapa, yeye anakaa pembeni, mimi naendesha. Matairi ya nyuma ndiyo yanayolisukuma gari, kwa hiyo saruji inayala hayo. Hakuna gunia hata moja, baba. Pumba zinarushwa na matairi."

"Na wewe na Jesse..."

"Baba! Jesse ana Flavia."

"Mlikuwa peke yenu garini."

"Nilikuwa na usukani," Loveness alisema kwa ukali, na kofi la asubuhi likasikika tena katika sauti yake. Kisha alinywea. "Alitaka kukwambia siku nyingi, hasa matairi yalipoanza kuisha. Mimi ndiye niliyemkatalia, nikamwambia nitasema mwenyewe. Pale mnadani alinisubiri niseme. Nilimwona ananisubiri. Nikaangalia kitabu."

Ebenezeri alikiokota kigari. Alikigeuza, akakwaruza mstari wa kijani kwa ukucha. Alitaka sana kuona uongo mahali fulani, na hakuuona. Mtu ambaye yeye amemkosesha mke alikuwa amemfundisha binti yake kitu kilichomwokoa asubuhi hii, juu ya matairi aliyokataa kuyabadilisha. Aliona aibu. Hakujua aibu mtu anaifungia wapi.

* * *

"Labda walilipanga hili pamoja," alimwambia mkewe jioni. "Mtu atamwamini nani, siku hizi?"

"Wewe," Tabitha alisema, "hata ukiokolewa na malaika utamkagua mabawa."

Alitoka na kisu, akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale bichi, refu, akalilaza mezani mbele ya mumewe. Hakueleza. Hakuna aliyekulia mlimani anayehitaji kuelezwa. Anayekujia na isale amekuja kuomba msamaha, na msamaha huo haukataliwi. Hata damu ikiwa imemwagika, mtu hulipokea, kwa kuwa kulikataa ni kujiitia laana. Lakini Ebenezeri alikuwa na umri wa baba, na Jesse alikuwa kijana wa kunyoa ndevu juzi.

"Mpelekee wewe," alisema. "Pitia migombani, usipite barabarani."

Tabitha alikwenda. Alirudi haraka, isale likiwa bado mkononi.

"Amelikataa?" Ebenezeri alishtuka, na tumaini dogo, la aibu, likamwinuka. Kama amelikataa, basi kosa ni lake.

"Hakuliona. Nilikutana na mama yake mlangoni. Amesema, 'Tusi lilitoka mbele ya kanisa. Isale haliji nyuma ya migomba.'"

Ebenezeri alilitazama jani usiku ule wote bila kulala, na hakupata kosa la mama Jesse.

* * *

Jumapili ya wiki iliyofuata alikaa ibada nzima na isale ndani ya koti, likimchoma kwapani. Mzee Daniel alikuwepo. Tabitha alikuwa amemtumia ujumbe Sanya Juu kwamba aje asikie neno la pili kama alivyosikia la kwanza. Jesse na mama yake walikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mnadani, Sifaeli alipoinua jogoo, Ebenezeri alinyoosha mkono. Kila aliyempandia, alimpita. Watu walianza kushangaa, maana hawakuwahi kumwona akinunua hata yai.

"Amechukua Ebenezeri!" Sifaeli alitangaza. "Unampeleka nyumbani, au unamzawadia mtu?"

"Namzawadia mtu."

Alivuka uwanja, jogoo mkono mmoja, na mkono mwingine ukachomoa isale. Minong'ono ilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Alisimama mbele ya Jesse, na ilibidi ainue kichwa, maana kijana alimzidi urefu.

"Jesse, mwanangu. Neno nililisema hapa, nimekuja kulifuta hapa. Mpunga sikuuona. Niliona pumba, magunia nikayajaza mwenyewe kichwani. Matairi yameliwa na binti yangu, akijifunza kuendesha, na bomba amelikata yeye. Wewe hukuchukua kitu changu."

"Ni kweli," Loveness alisema. Alikuwa ametoka kwenye kwaya. "Nilinyamaza wakati naona. Nisamehe, kaka Jesse."

Jesse alilitazama jani. Mama yake alimgusa mgongoni. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Aika, baba," alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Sifaeli alifuta macho kwa kiganja kilichokuwa na manyoya ya kuku. Jesse akamchukua jogoo, akaenda naye mpaka chini ya mgrivilea, akamnyooshea Mzee Daniel. Mzee Daniel hakunyoosha mkono mara moja. Alimkagua jogoo, akamwinua bawa, akatabasamu.

"Na huyu," aliuliza, "hela yake imetoka kwa nani?"

Watu waliangua kicheko. Ulikuwa utani, na ulikuwa mzuri. Jesse hakucheka, alisimama na jogoo amenyooshwa. Ebenezeri alisikia kile kicheko kikimpita mwilini kama maji ya mto. Alilijua swali lile. Ni lake. Alilifungulia yeye wiki mbili zilizopita, na sasa lilikuwa linatembea lenyewe mdomoni mwa watu, na kwa hilo hakuna isale.

"Imetoka kwangu!" alipaza sauti, nayo ikapasuka. "Kwangu, Mzee Daniel. Na lolote lingine unalotaka kuuliza juu ya kijana huyu, niulize mimi, nikiwa nimesimama hapa."

Kicheko kilikwisha. Mzee Daniel akampokea jogoo kwa kumshika miguu.

"Tutazungumza nyumbani," alimwambia Jesse. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Lakini walianza kushuka njia pamoja, na mama Jesse nyuma yao.

Ebenezeri aliwakimbilia. Alikuwa na ufunguo wa Mark Two mkononi.

"Jesse. Kesho uje uchukue gari. Matairi yote mapya."

Jesse alisimama. Uso wake ulikuwa mpole kama siku zote, na hapo ndipo ulipouma.

"Isale halikataliwi, baba. Nimekusamehe kweli," alisema. "Ufunguo unakataliwa."

* * *

Jioni ya kesho yake Ebenezeri alikwenda bandani. Hakuwasha tochi. Hakupapasa boneti, hakunusa tangi. Alikuwa na ufunguo wa gari na funguo za kufuli, na kazi moja tu: kuzitundika kwenye msumari wa mlangoni, mahali ambapo Loveness, ambaye sasa ndiye dereva, angeweza kuzichukua bila kumgongea mtu. Mkono wake haukuzoea kazi hiyo. Funguo zilimponyoka, zikaanguka karibu na gurudumu la nyuma, akapiga magoti kuzipapasa.

"Unatafuta nini, baba?"

Loveness alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kuoshea gari.

"Sitafuti kitu."

"Leo nimebeba abiria wa Kiboriloni tu. Sijafika Mabogini."

"Sijakuuliza. Nilikuja kutundika funguo, zikaanguka."

Loveness alimtazama pale chini, magoti vumbini, kiganja kikiwa juu ya tairi jipya.

"Sawa, baba," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini hata neno moja, akaweka ndoo chini na kuondoka.

Ebenezeri alitaka kumwita amwapie. Mdomo ulikuwa tayari. Kisha alijiuliza angeapa kwa kitu gani, na akabaki pale karibu na gurudumu, funguo zimepatikana, hana wa kumwonyesha.